Jibu: Kontena linavuja yadini, nani analipa?

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: kontena lako limeshushwa, linavuja majimaji yadini, na sasa bandari, meli na wakala wanarushiana mpira kuhusu gharama za usafi.

Kwanza usilifungue, na vibarua wasimwagie maji. Tazama bango la rangi ubavuni na namba ya UN (ya Umoja wa Mataifa, inayotambulisha kemikali hatari) yenye tarakimu nne. Ikiwa 1830, hiyo ni asidi ya salfuriki. Ukiimwagia maji inachemka na kukurukia usoni. Ripoti kwa maandishi kitengo cha usalama, kisha piga picha: lakiri (kifungo cha mlango wa kontena) na namba yake, kona za chini, doa lilipoanzia. Mimi niliwahi kupiga doa tu nikasahau lakiri, nikabishana miezi.

Halafu linganisha tamko la shehena hatari na kilichomo. Mpakiaji (aliyetuma mzigo) akificha, kwa Kanuni za Hague (sheria za kimataifa za kubeba mizigo kwa meli) madhara ni juu yake. Kama ni kreni iliyotoboa, itisha ukaguzi wa pamoja leo hii, kabla halijahamishwa. Uharibifu usioonekana kwa nje, kwa kanuni hizo toa taarifa kwa meli ndani ya siku 3 tangu kukabidhiwa mzigo. Kesi, ifunguliwe ndani ya mwaka 1.

Bima siwezi kuisemea bila kuona mkataba wako.