Muulize Fundi: Sili mpya, oili ileile chini ya gari

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu ni la mwaka 1993, injini ya petroli, gia za mkono. Sili ya nyuma ya krankshafti, ule mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea, ilibadilishwa ikavuja, ikabadilishwa tena, na sasa inavuja vilevile. Kila mara ni kushusha gia boksi. Nikizunguka mjini haivuji sana, ila nikitoka safari ndefu nakuta dimbwi. Ya mbele nayo imeanza. Fundi wangu anasema sili za siku hizi ni feki tupu. Halafu, sijui kama inahusika, filta ya hewa huwa imelowa oili.

JIBU: Inahusika, ndugu yangu. Umeiweka mwishoni kana kwamba unaomba radhi, kumbe mimi ningeanza nayo hiyo.

Kila injini, hata iliyo mpya, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushukia chini kwenye krankshafti na sampu, yaani bakuli la oili. Lazima zipate pa kutokea. Kwenye injini kama yako hufyonzwa na manifoldi ya kuingizia hewa kupitia vali ya PCV, yaani vali ya upumuaji wa injini, na mpira mwingine kutoka kwenye boksi la filta huleta hewa safi. Vali ikiziba kwa masizi, au gesi zikiizidi nguvu, mkondo hugeuka: gesi zinarudi kwa mpira wa hewa safi zikiwa zimebeba ukungu wa oili, na filta inalowa. Presha inayobaki husukuma popote panapolegea, na midomo ya sili, yaani kingo zake zinazogusa shafti, hulegea mapema. Ndiyo maana ya mbele imemfuata mwenzake. Na ndiyo maana dimbwi ni la safari ndefu: ukikanyaga mafuta sana, manifoldi hufyonza kidogo, wakati huohuo gesi zinaongezeka. Sili feki zipo, sikatai, lakini feki ingevuja sana mjini pia.

Kwa hiyo gia boksi ibaki pale ilipo kwanza. Chomoa vali ya PCV uitikise. Ile ya kawaida yenye kipini ndani hulia kachakacha. Iliyoshikana kwa masizi iko kimya. Kagua na mipira yake yote, maana ya zamani hujibonyeza ndani ikifyonzwa, au huziba kwenye kona usipoona. Kisha injini ikiwa ya moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na ulaze kipande cha nailoni nyembamba juu ya tundu. Ikinyonywa kidogo, upumuaji ni mzima. Ikituna na kutaka kupeperuka, mwizi wako ndiye huyo. Kijiti cha kupimia oili kinachojiinua chenyewe njiani kinasema jambo hilohilo.

Ukifunga vali mpya na nailoni bado inatuna, pima kompresheni, yaani presha inayojengwa ndani ya kila silinda. Silinda itakayokuwa chini, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimelika, na hapo unaweza kubadilisha sili mpaka uzeeke. Isipopanda, geukia vali za kichwa na gasketi yake.

Tuseme presha ni sawa. Kabla ya kushusha chochote, hakikisha oili inatoka kwenye sili kweli. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, ikivuja kwa nyuma, oili hutiririka kwenye bloku na kudondokea palepale unapolaumu sili. Osha injini, ikauke, endesha kidogo, halafu fuata unyevu kuanzia juu. Nusa pia: oili ya gia boksi mara nyingi ina harufu kali ya kiberiti, na hiyo ina sili yake tofauti.

Gia boksi ikishuka, simama karibu ili sili kuukuu isitupwe. Ipeleke kwenye mwanga. Mdomo uliokauka na kupasuka umechomwa na joto. Sili ya mpira wa naitraili haivumilii joto kama ya Viton, kwa hiyo ijayo nunua ya Viton. Mdomo ulioliwa zaidi upande mmoja unakuambia sili ilikaa mshazari, au krankshafti haizunguki katikati kwa sababu beringi kuu zimechoka. Kispringi kikiwa kimetoka kwenye mfereji wake, kuna aliyeigonga kwa nyundo. Kisha futa krankshafti mahali mdomo unapogusa, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hata sili halali itavuja hapo. Kama nafasi inaruhusu, sili mpya ikae milimita 1 au 2 pembeni ya mfereji huo. Kama hairuhusu, krankshafti ivalishwe bushi nyembamba ya chuma inayouzwa kwa kazi hiyo.

Na wakati wa kufunga, mdomo wa mpira hupakwa oili, lakini wa PTFE, plastiki ya aina ya Teflon, huvalishwa mkavu kabisa, isipokuwa mtengenezaji aseme vingine. Mafundi wazoefu wengi huipaka oili kwa mazoea, sili inaharibika wakiitazama.

SWALI: Zile dawa za chupa za kuzuia mvujo zinafanya kazi kweli, au ni maneno?

JIBU: Nyingi hulainisha mpira na kuuvimbisha kidogo. Kama sili imekauka tu, unaweza kupata nafuu ya muda. Kwa PTFE, mfereji kwenye krankshafti, au PCV iliyoziba, hazina msaada. Ukiamua kuimimina, angalia kijiti kwanza: oili isipite alama ya juu.