Programu ya Takwimu Inapokuwa Nzito: Kwa Wachambuzi Wanaoanza Kazi

Nimechambua data za kaya hapa Kampala kwa miaka mingi, na kila tunapowapokea vijana waliotoka chuoni, lalamiko la kwanza huwa lile lile: programu imekwama, kompyuta ni mbovu, tununuliwe nyingine. Nawaelewa, kwa sababu chuoni mlijifunzia faili lenye watu mia tano, na sasa mmekabidhiwa lenye watu milioni tatu. Hata hivyo nawaomba kwanza mjue muda unapotelea wapi, maana mara nyingi uzito umo ndani ya faili lenyewe au ndani ya amri tulizoziandika kwa mikono yetu.

Programu za takwimu tunazotumia, Stata na R, hupakia data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani ramu, ndipo zianze kazi. Ramu ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo kasi yake haikaribii kabisa ile ya ramu, na kazi ya dakika mbili huweza kumaliza asubuhi nzima. Kwa hiyo amri inapokawia, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame dirisha litakalofunguka. Ramu ikiwa imejaa na diski inahangaika ilhali prosesa imetulia, tatizo ni ukubwa wa data. Ramu ikiwa na nafasi na prosesa ndiyo inayotumika, tatizo ni hesabu au namna ulivyoiandika. Usidanganywe na asilimia ndogo ya prosesa: R kwa kawaida hutumia kiini kimoja tu, yaani sehemu moja kati ya zile za prosesa zinazofanya hesabu, hivyo kwenye prosesa ya viini vinane itaonyesha kama asilimia 12 hata pale ambapo haina tena kasi ya kuongeza.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu kwa sababu kilinifundisha zaidi kuliko mafunzo yoyote. Tulikuwa na faili la Stata lenye safu, yaani mistari ya data, milioni tatu, ambalo kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 4 ililifungua kwa taabu kubwa. Nilipokagua aina za vigeu, yaani namna kila taarifa inayorekodiwa inavyohifadhiwa, nilikuta kigeu cha maoni ya mdadisi. Karibu kaya zote zilikuwa zimeandikiwa neno "hakuna" au zimeachwa wazi, lakini mdadisi mmoja alikuwa ameandika maelezo ya herufi 240. Stata hutenga upana ule ule kwa kila safu ya kigeu cha maandishi cha kawaida, kwa hiyo maelezo ya mtu mmoja yaliilazimu itenge baiti 240 mara milioni tatu, yaani megabaiti 720, kwa ajili ya kigeu ambacho hakuna aliyekuwa akikihitaji. Tulikihifadhi katika faili la pembeni na kukifuta, na faili likaanza kufunguka bila taabu.

Majina ya wilaya nayo ni vivyo hivyo. Bukomansimbi ina herufi 12, basi hata Gulu itapewa baiti 12. Tumieni misimbo ya namba yenye lebo. Kwa kuwa Uganda ina wilaya zaidi ya 130, aina ya byte, ambayo mwisho wake ni 100, haitatosha. Aina ya int yenye baiti 2 inatosha kabisa. Amri ya compress hupunguza aina za vigeu bila kupoteza chochote, na ni vyema kuiendesha kabla ya kuhifadhi faili. Vilevile, mkihitaji vigeu kumi kati ya mia tatu, pakieni hivyo kumi tu.

Hapa natoa onyo ambalo nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Msibane namba ya utambulisho wa kaya kwa kuiweka katika aina ya namba ya Stata iitwayo float. Aina hiyo hushika namba kamili kwa uhakika hadi 16,777,216 tu, na zaidi ya hapo huanza kukadiria, hata kaya mbili tofauti zikaonekana ni moja. Utakapounganisha faili, unaweza kumpa mtoto wa Arua mama wa Mbarara. Tumieni double, aina ya namba yenye nafasi kubwa zaidi, au maandishi, hata kama nafasi itaongezeka.

Kwa wanaotumia R, chanzo cha kawaida cha kukawia ni kitanzi, yaani amri inayojirudia, kinachosoma faili moja baada ya jingine na kuyaunganisha papo hapo kwa rbind, amri ya kuunganisha safu. Kila mzunguko hunakili upya kila kilichokwisha kukusanywa: mafaili 135 yanayolingana yatakufanya unakili kiasi cha mafaili 9,180. Yasomeni yote yakae katika orodha, kisha myaunganishe mara moja mwishoni. Kwa kusoma faili kubwa la maandishi, amri ya fread iliyo katika kifurushi cha data.table ina kasi kubwa kuliko read.csv, amri ya kawaida ya R.

Amri mpya ijaribiwe kwanza kwa sampuli ya asilimia moja iliyochaguliwa kwa nasibu, si kwa safu za mwanzo, kwa sababu mafaili yetu mengi yamepangwa kwa wilaya na safu hizo zote huenda zikawa za wilaya moja. Msifanyie kazi faili lililo kwenye flashi. Linakilini kwenye diski ya ndani kwanza. Umeme ukikatika, angalieni kama kompyuta imejiweka katika hali ya kuokoa betri, kwani hali hiyo hupunguza kasi ya prosesa.

Baada ya hayo yote, kama bado data haitoshei, ndipo mwombe ramu, na ombi liambatane na hesabu. Safu milioni tatu zenye vigeu 60 vya baiti 8 ni takriban gigabaiti 1.4, na R mara nyingi huhitaji nakala mbili au tatu za data wakati wa kazi. Msimamizi akiona hesabu hiyo pamoja na muda mlioupima kabla na baada ya kusafisha faili, ataelewa kwa nini gigabaiti 4 hazitoshi na kwa nini mnaomba 16.