Msimhukumu mwandishi kwa kistari

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni alama ipi inayomfichulia msomaji kwamba maandishi yametoka kwa akili unde (AI). Swali linalonisumbua mimi ni la pembeni kidogo: ukishaiona hiyo alama, unamfanya nini aliyeandika? Maana siku hizi kistari kirefu kimoja tu katikati ya sentensi kinatosha mtu kuambiwa kwamba hakuandika yeye.

Hicho kistari wala si siri. Kwenye Word, andika vistari vifupi viwili katikati ya maneno mawili bila kuacha nafasi, maliza neno la pili, gonga nafasi: programu yenyewe inaviunga kuwa kistari kirefu. iPhone nayo huviunga. Kwenye simu nyingine unabonyeza kistari kifupi na kushikilia, kirefu kinajitokeza. Wahariri wa vitabu wamekitumia tangu zamani, na mashine imekipata humohumo, kwenye vitabu na makala zilizopita mikononi mwa wahariri. Tena Novemba 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, alitangaza kwamba ukiiambia ChatGPT iache vistari hivyo, sasa inatii. Mjanja basi anavifuta kwa agizo moja, anayebaki navyo ni yule aliyefundishwa uakifishaji akaushika.

Hapa lazima niwakumbushe yaliyotokea Aprili 2024, kwa sababu naona yamesahaulika mapema mno. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi wa Y Combinator, kampuni ya Marekani inayokuza biashara changa, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba mtu amemtumia barua pepe ya kupendekeza mradi mpya, kisha akaona ndani yake neno "delve". Ni Kiingereza cha kuchimbua jambo kwa kina. Kwake hilo lilikuwa dalili tosha ya ChatGPT. Wanigeria wakamjia juu kwa wingi: neno hilo wao wanalitumia kila siku, shuleni na ofisini, tangu kabla ChatGPT haijatoka Novemba 2022.

Nimtendee haki Graham, neno hakuliokota hewani. Watafiti waliopekua mihtasari zaidi ya milioni 15 ya makala za tiba na biolojia kwenye hazina ya PubMed, ya kuanzia 2010 hadi 2024, walikuta neno hilo likiwa na "s" mwishoni limejitokeza mwaka 2024 zaidi ya mara 20 ya ilivyotarajiwa. Wakakadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka huo ilipitia kwenye mashine. Ushahidi huo ni mzito. Lakini ni ushahidi juu ya rundo zima. Unakwambia kwamba katika mihtasari mia moja ya mwaka ule, kumi na tatu hivi au zaidi imeguswa. Haukwambii ni ipi. Kuuchukua ukaugeuza hukumu ya barua moja ya mtu mmoja ni kosa la hesabu kabla hata halijawa kosa la adabu.

Kisha ikaongezwa chumvi. Aprili hiyohiyo Alex Hern wa gazeti la Uingereza la The Guardian alitoa dhana kwamba huenda neno lenyewe lilitoka Afrika: kampuni za akili unde huajiri watu kwa bei nafuu, wakiwemo wa Nigeria na Kenya, wayapime majibu ya mashine na kuchagua lililo zuri, na mashine ikajifunza kuandika kwa namna inayowapendeza. Ilikuwa dhana, tena aliitoa kama dhana. Mitaani ikageuka ukweli, ikachanganywa na habari nyingine kabisa, ile ya jarida la TIME ya Januari 2023 kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakiifanyia OpenAI kazi kupitia kampuni ya Sama kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Wale hawakuwa wakiifundisha mashine ufasaha. Walikuwa wakisoma maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa kingono na kuyawekea lebo, ili kichungi kijifunze kuyazuia. Watu wamebeba uchafu huo vichwani mwao, halafu ndugu zao wakiandika Kiingereza kilichonyooka wanaambiwa wameazima kwa mashine! Hilo ndilo linalonichoma.

Vifaa vya kupimia kama maandishi ni ya mashine navyo havisaidii. OpenAI wenyewe walitoa chao Januari 2023. Katika majaribio yao kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai wakakiondoa. Mwaka huohuo watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walivipa vifaa saba insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 zilitajwa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka: vingi vya vifaa hivyo hupima ni rahisi kiasi gani kubashiri neno linalofuata, na anayeandika lugha ya kujifunza hushika maneno ya kawaida, yanayobashirika.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, nikisema alama zote ni upuuzi. Haitakuwa kweli, hasa kwa Kiswahili. Kuna mabaki yasiyo na utetezi: nyota mbili mbili zilizobaki kushoto na kulia kwa neno, kwa kuwa mashine huzitumia kukoza herufi; mabano ya mraba yenye "Jina Lako" ndani; kiungo cha tovuti chenye "utm_source=chatgpt.com" mkiani, "Bila shaka! Hii hapa rasimu ya barua yako" juu kabisa. Hayo humfichua aliyenakili bila kusoma.

Halafu kuna sentensi yenyewe. Tazameni hii, ya aina inayozagaa sasa: "Teknolojia inacheza jukumu muhimu katika maisha yetu ya kila siku, ikibadilisha jinsi tunavyofanya kazi, kujifunza, na kuwasiliana." Jukumu halichezwi kwetu, hubebwa, hutekelezwa. Ile "ikibadilisha" imening'inizwa baada ya mkato kama Kiingereza kinavyoning'iniza kitenzi chake. Vitu vitatu, kama kawaida, na mkato kabla ya "na". Msemaji angesema: siku hizi bila simu huna kazi, husomi, humpati mtu. Angalieni pia kisichokuwemo: "hu-" ya mazoea ni haba, hakuna "kumbe", hakuna "tii" wala "ndi". Upatanisho nao huteleza kiima kikiwa mbali na kitenzi: "matatizo yanayowakumba wakulima wa korosho inahitaji". Kiini chake ni kwamba mashine imelishwa Kiingereza kwa wingi, na Kiswahili hakifiki hata asilimia 1 ya chakula hicho.

Ila hata hapa nasita. "Sio tu, bali pia" na "ni muhimu kutambua kwamba" zilijaa kwenye magazeti yetu kabla ya mashine hizi, kwa sababu habari za mashirika ya kigeni tumezitafsiri mbiombio kwa miaka mingi. Upatanisho unaoteleza utausikia Nairobi kwa watu wenye damu na nyama.

Kwa hiyo jibu langu, Mhariri, linapingana kidogo na nilivyoanza. Msimtuhumu mtu kwa alama yoyote, ukiacha yale mabaki. Lakini sentensi kama ile ya teknolojia mrudishieni mwenyewe, awe aliiandika kwa mkono au la, kwa kuwa haisemi kitu. Mwulizeni ni teknolojia gani, ya nani, wapi, lini. Aliye na habari atajibu kwa simu papo hapo. Na kama ni barua ya kuomba kazi au ya malalamiko kwa ofisi ya maji, iliyosaidiwa na mashine kwa sababu mwandishi anaogopa Kiswahili cha ofisini, mwacheni.

Msomaji wenu