Jibu: Kwa nini LDA (makadirio ya nishati ya elektroni kwa kuangalia msongamano wa kila nukta) inafanya kazi kwenye molekuli?

Mkuu, umeuliza: kama teoremu ya Hohenberg na Kohn ya 1964 ni sahihi kabisa, makadirio yanatoka wapi? Teoremu inasema tu kwamba nishati ya hali ya chini kabisa huamuliwa na msongamano wa elektroni. Fomula yenyewe haikutupatia. Kohn na Sham, 1965, walikusanya tusiyoyajua yote kwenye kipande kimoja kidogo, nishati ya mabadilishano na korelesheni, inayotokana hasa na elektroni kukwepana. Hicho ndicho tunachokikadiria.

LDA huchukulia kila nukta ya molekuli kana kwamba iko ndani ya gesi ya elektroni iliyosambaa sawasawa. Kwa haraka utasema upuuzi. Lakini kila elektroni hujizungushia tundu, yaani eneo ambalo wenzake wamepungua, na jumla ya upungufu huo lazima iwe elektroni moja kamili. LDA inatimiza sharti hilo. Umbo la tundu inalikosea, ila nishati hutegemea wastani wake tu kwa kila umbali, kwa hiyo makosa mengi hufutana.

Si yote, lakini. Vuta H₂⁺, molekuli ya protoni mbili, mpaka protoni ziachane: elektroni ni moja tu, ila LDA, na hata PBE, fomula nyingine ya makadirio ya 1996, huifanya ijisukume yenyewe, na ikisambaa nusu nusu kwenye protoni mbili nishati inashuka kupita kiasi. Hapo usihangaike kubadilisha beisi seti (funksheni za kihisabati zinazotumika kueleza elektroni kwenye kompyuta), tatizo liko kwenye fomula.