Kupiga Hodi Msituni: Ushauri kwa Mwindaji Mpya wa Kulungu Kwenye Ardhi ya Umma

Nilizaliwa Kwale, katika nchi ambayo uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hadi nilipohamia jimbo la Minnesota, Marekani, bunduki nilizowahi kuziona kwa karibu zilikuwa mikononi mwa askari. Kilichokaribiana na uwindaji katika utoto wangu ni dungu la babu, lile jukwaa la miti alilokuwa akikesha juu yake kulinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Siku hizi, kila Novemba, mimi ndiye ninayekaa juu ya dungu, nimevaa fulana tatu na koti la rangi ya chungwa kali, nikimsubiri kulungu wa mkia mweupe. (Tunamwita kulungu kwa mazoea tu. Kulungu wa kwetu ana pembe za kudumu, ilhali dume la huku hudondosha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine.)

Wenzangu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake wameanza kuniuliza namna ya kuanza. Kuhusu leseni sina mengi ya kusema, kwa kuwa Idara ya Maliasili ya jimbo imeeleza yote vizuri, ikiwemo kwamba aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 hawezi kununua leseni ya kawaida ya bunduki bila cheti cha kozi ya usalama. Lakini ardhi ya umma, ambako sisi tusio na mashamba wala wakwe wenye mashamba tunalazimika kuwinda, ina adabu zake ambazo mtu huzijua baada ya kukosea, na mimi nilikosea msimu wangu wa kwanza kabla hata jua halijachomoza.

Nilikwenda Carlos Avery, eneo la wanyamapori lililo karibu na Forest Lake, lenye zaidi ya ekari 20,000, na ambalo kwa sababu ya ukaribu wake na jiji hujaa watu Jumamosi ya ufunguzi kama soko siku ya gulio. Nilifika saa kumi na moja alfajiri na kukuta magari mawili kwenye maegesho. Niliegesha pembeni yao, nikaingia msituni kwa njia ileile waliyoingilia wao, tena bila kuwasha tochi, kwa kuwa nilidhani mwanga utawafukuza kulungu. Nilitembea kama dakika ishirini, nikikanyaga vijiti vilivyolia kama risasi, mpaka taa ndogo nyekundu ilipowaka juu ya kichwa changu, ikazima, ikawaka tena. Kulikuwa na mtu juu ya mti, na mimi nilikuwa nimesimama chini ya miguu yake. Nilinyanyua mkono, nikarudi nyuma, na kwa aibu nikaenda kukaa mahali ambapo sikuona hata sungura.

Mchana yule mtu wa juu ya mti, ambaye kumbe alikuwa mzee, alinikuta kwenye maegesho. Hakunigombeza. Alinimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, kisha akaniambia jambo ambalo kila mtoto wa Pwani angelielewa mara moja, ingawa yeye hakuwa na neno lake: kwamba msitu hauna mlango, hivyo anayeingia lazima atafute njia ya kupiga hodi. Tochi ya kichwani ndiyo hodi ya alfajiri, nayo huwaambia waliotangulia kwamba anayekuja ni binadamu wala si dume la kulungu linalojipitisha gizani, na aliye juu ya mti huitikia kwa kumulika mara moja au mbili. Ukimulikiwa, umeshajibiwa kwamba hapo pana mtu. Geuka utafute pengine bila kujitetea na bila kusimama kupiga gumzo. Kuhusu hofu yangu ya mwanga, kulungu anashtushwa zaidi na harufu ya mtu na kelele za hatua zake kuliko na tochi inayopita, na hata angeshtuka, ni heri akimbie kuliko mtu mwingine aone kivuli kinachotembea na kukidhania mnyama. Ufyatuaji huruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na katika nusu saa hiyo macho hudanganya sana.

Kwa hiyo hodi ya kwanza kabisa hupigwa kwenye maegesho. Yahesabu magari. Kama njia ina gari moja, mwenye gari hilo ana haki ya kuwa na utulivu upande ule, na wewe una miguu ya kwenda mbali zaidi au mafuta ya kwenda kwenye maegesho mengine. Ndiyo maana huwa ninachagua mahali patatu kwenye ramani kabla ya kutoka nyumbani, maana mwenye chaguo moja hujikuta akilazimisha. Ukikutana na mwenye gari kabla hajaingia, msalimie na umuulize anakusudia kukaa wapi, kisha mweleze unakokwenda wewe. Wengi watakujibu kwa ukweli, kwa kuwa na wao hawataki risasi yako ielekee kwao. Sharti la rangi ya chungwa kali, au waridi kali kwa wanaoipenda, kwenye kofia na vazi la juu ya kiuno liko kisheria, lakini rangi hiyo haionekani nyuma ya kichaka cha misonobari michanga, na haijui kumwambia mtu mwingine kwamba wewe uko upande wa pili wa kilima.

Umbali unaofaa kati yako na mwenzako ni upi? Hakuna kipimo kilichoandikwa, na watu hubishana. Kipimo changu ni kwamba nikimwona mtu, hata kama ni rangi tu kati ya miti, basi niko karibu mno. Zaidi ya hapo natazama upepo na njia za wanyama, kwa sababu unaweza kukaa mita mia tatu kutoka kwa mtu na bado ukawa umemzibia kulungu wote wanaomjia kutoka kwenye kinamasi. Huo pia ni uvamizi, japo hakuna askari atakayekushtaki.

Dungu ndilo huleta ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya Minnesota iko wazi kuliko wengi wanavyodhani: jukwaa la kudumu ambalo mtu amelijenga kwenye ardhi ya umma si mali yake, na likiwa tupu yeyote anaweza kulitumia, aliyewahi amewahi. Katika sehemu nyingi zilizotengwa kwa ajili ya wanyamapori, dungu la kubeba linatakiwa kuondolewa kila siku muda wa kufyatua unapokwisha, na kupigilia misumari mtini hakuruhusiwi. Hata hivyo mimi sipandi dungu nisilolifunga mwenyewe. Kwanza sijui mikanda yake imekaa mvua ngapi. Pili, mwenyewe akifika saa kumi na mbili na kunikuta juu, nitakuwa na sheria upande wangu na mtu mwenye hasira na bunduki chini yangu, na huo si ushindi. Novemba 2004, katika jimbo jirani la Wisconsin, mabishano kuhusu dungu lililokuwa kwenye ardhi ya watu binafsi yaliishia kwa watu sita kuuawa, na aliyewapiga risasi alikuwa mwindaji mhamiaji aliyeishi St. Paul hapa kwetu. Wazee wa uwindaji bado wanakitaja kisa hicho kwa sauti ya chini. Ninachowaambia wahamiaji wenzangu ni kwamba ukikuta maneno yanapanda, shuka, weka mtutu chini, ondoka, na kama umetishwa, piga simu kwa askari wa wanyamapori ukiwa garini. Hakuna kulungu anayestahili dakika moja zaidi ya mazungumzo hayo.

Na usimtazame mtu kwa darubini ya bunduki yako, hata kwa sekunde moja, hata kama unataka tu kujua ni nani. Kumtazama kwa darubini hiyo ni kumwelekezea mtutu. Nunua darubini ya kawaida ya macho mawili uitundike shingoni.

Sasa kulungu aliyejeruhiwa. Msimu wangu wa tatu nilimpiga dume, nikasubiri nusu saa, nikaanza kufuata matone kwenye theluji nyembamba. Damu ilikuwa nyekundu ya kawaida, bila mapovu. Aliyepigwa mapafuni huacha damu ya waridi yenye povu, na aliyepigwa tumboni huacha majimaji ya kijani yenye harufu, na huyo wa mwisho inakubidi umwache saa nyingi kabla ya kumfuata, la sivyo atainuka na kukupotea. Mimi sikuyatafakari hayo. Baada ya mlio wa bunduki kusikika mbele yangu, niliwafikia watu wawili waliokuwa wamepiga magoti wakimtoa matumbo. Moyo ulinichemka. Nilisimama mbali kidogo, nikaita, nikasubiri waniite, kisha nikawaeleza kwamba ninafuata damu. Mmoja wao alimgeuza mnyama bila kusema kitu na kunionyesha matundu mawili: langu lilikuwa kwenye nyama ya paja, lake lilikuwa nyuma ya bega, limepita mapafu yote mawili. Desturi ya wengi ni kwamba kulungu ni wa yule ambaye risasi yake ingemuua, na langu lisingemuua siku ile wala kesho yake. Niliwasaidia kumburuta hadi barabarani, na tulipofika walinikatia mkono mmoja, ambao mke wangu aliupika kwa tui la nazi. Ningeanza kwa kelele, ningerudi nyumbani mikono mitupu na bila namba ya simu ya mtu ambaye sasa tunaegesha pamoja kila mwaka.

Nikifuata damu kuelekea mahali ambapo mtu mwingine amekaa, nasimama kwanza na kumpungia mkono, naye hunionyesha mnyama alikopita. Damu ikivuka mpaka wa ardhi ya mtu, nabisha mlango wa nyumba, bunduki ikiwa imeachwa garini.

Kamera za kutegea, zile ambazo wawindaji huzifunga mtini zijipigie picha za wanyama wanaopita, ni za kuachwa kama zilivyo. Mwaka juzi mtu alichomoa kadi kwenye kamera yangu na kuniachia kifuniko wazi, na bado sijui alifaidika nini na picha mia mbili za rakuni. Matumbo yaburute mbali na njia na maji, kwa sababu msitu huo unatumiwa pia na watembezi wa mbwa na familia zenye watoto, nao wana haki sawa na yako hata wakipita chini ya mti wako saa mbili asubuhi wakiimba. Wapungie mkono ili wakuone, kisha wasubiri wapite.

Jioni, muda wa kufyatua ukiisha, toa risasi kwenye bunduki kabla ya kuiteremsha kwa kamba, fungua dungu lako, na uwashe tochi kabla mguu wako haujagusa ardhi. Kisha kaa hapo chini ya mti dakika chache ukisikiliza. Mara nyingi utaona taa nyingine zikiwaka moja baada ya nyingine kati ya miti, karibu zaidi kuliko ulivyodhani kutwa nzima.