Tangi la choo cha boti linavuja? Anza na mpira wa hewa

Msomaji ameuliza: ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) inanuka, ubao ulio karibu na choo haukauki, na fundi ameshamwambia anunue tangi jipya. Usinunue bado. Tangi la plastiki nene huwa la mwisho kuharibika. Mara nyingi ugomvi huanzia kwenye mpira wa hewa, yaani bomba linalotoa hewa tangini.

Mpira huo ni mwembamba, kwa kawaida milimita 16 au 19, na mdomo wake uko ubavuni mwa boti. Tangi likijaa na boti ikalala kwa upepo, uchafu hupanda humo na kukauka. Hewa ikikosa pa kutokea, kila unapopiga pampu ya choo unalijaza tangi presha, na majitaka hutafuta palipo dhaifu: kiungo cha mpira, au raba ya kifuniko cha ukaguzi. Ndiyo maana panapolowa sipo palipoharibika. Dalili yake ni pampu kuwa nzito na kuta za tangi kuvimba. Ukifungua kifuniko cha kunyonyea majitaka kule juu ya sitaha, simama kando. Kinaweza kurusha kama soda iliyotikiswa.

Kabla ya kugusa chochote vaa glovu, fungua madirisha, zima moto wote, na funga vali ya bomba linalotoka baharini. Ukichomoa mpira vali ikiwa wazi, boti inaweza kuzama.

Nyonya majitaka yote tangini, lisuuze mara 2 au 3, kausha viungo vyote na uvizungushie tishu. Tia maji yenye rangi ya chakula hadi robo, kisha nusu, kisha robo tatu, ukisubiri nusu saa kila hatua. Rangi itakuonyesha kiungo na kimo chake. Tishu ikilowa bila rangi, hayo ni maji ya bafu au ya bahari, tangi limesingiziwa.

Tishu zikibaki kavu na harufu bado ipo, funga kitambaa cha maji moto kwenye mpira wa majitaka, kipoe, ukinuse ukiwa nje. Kikinuka, mpira umeshakunywa harufu. Hakuna sabuni itakayousafisha, badilisha wote.

Kwenye kiungo cha mpira wa majitaka wa milimita 38 weka klipu 2 za chuma cha pua, skrubu zikitazama pande tofauti. Nyuzi za viungo vya plastiki vya kukaza kwa kuzungusha zizungushie tepu ya mabomba mizunguko 3, kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko tu wa spana. Wanaoning'inia kwenye spana ndio wanaopasua matangi, halafu wanapaka silikoni, ambayo haishiki kabisa kwenye polithini, plastiki ya matangi hayo. Ufa wa plastiki huchomelewa kwa kijiti cha plastiki ileile. Tangi la alumini likitoboka kwenye maungio, hilo ndilo la kutupa: mkojo umeshalila kwa ndani, na ukiziba tundu moja litafuata jingine.

Mpira wa hewa wenyewe usukumie maji safi kutoka nje, taratibu, tangi likiwa tupu, dakika moja kila baada ya kunyonya.