Kolgeti ya Whitedent, bajaji ya TVS: majibu ya maswali yenu

Tukiita kila pikipiki ya magurudumu matatu "bajaji", kampuni yenyewe inafaidika? (Msomaji, Kijenge, Arusha)

Haipati hata senti. Bajaj Auto ni kampuni ya Pune, India. Nyingi kati ya "bajaji" unazopanda hapa mjini zimeandikwa TVS, na TVS ni mshindani wake wa Chennai. Ita "bajaji!" pale kituoni uone kama dereva wa TVS hatageuka. Jina limeshapata irabu mwishoni, limeshapata wingi (mabajaji), na neno likifika hapo Kiswahili hakilirudishi kwa mwenyewe.

Kwa nini unatukataza kuita kila dawa ya meno kolgeti? (Wasomaji watatu, mmoja kwa mara ya pili)

Sijamkataza mtu, na nilishaeleza. Someni jibu kabla ya kuuliza tena. Nilichosema ni kwamba dukani utaje kitu unachotaka. Juzi nilikuwa duka moja karibu na soko la Kilombero, akaingia mtoto na noti ameikunja kiganjani.

"Shikamoo. Mama kasema kolgeti."

"Marahaba. Kolgeti ipi, ya Whitedent?"

Mtoto akaitika, akapewa, akaondoka. Colgate hawakuuza kitu. Na Whitedent, dawa ya meno inayotengenezwa Dar es Salaam na Chemi & Cotex, imeuzwa kwa jina la kampuni ya New York. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Bidhaa yetu ipo, ina jina lake, watu wanaipiga mswaki asubuhi na jioni, halafu tunaiita "aina ya kolgeti". Sema "dawa ya meno", kisha utaje unayoitaka. Maneno matatu hayachoshi mdomo.

Kiwi ya viatu na kiwi tunda ni ndugu? (Njiro)

Yote mawili yamepewa jina la ndege wa New Zealand, basi.

Niliomba Panadol nikapewa vidonge vya jina jingine. Nimeibiwa? (Ngaramtoni)

Kama pakiti imeandikwa parasetamo, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, na kipimo ni kilekile, hukuibiwa. Dawa ni ileile. Ila nikuonye kwa jambo ambalo hukuuliza. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake. Anayejua jina la "Panadol" tu humeza vidonge vyake, akaongeza na vya mafua, akidhani ni dawa mbili tofauti. Parasetamo ikizidi huharibu ini. Soma maandishi madogo, na usione haya kumuuliza mfamasia.

Kampuni inaweza kupoteza jina mahakamani? (Pasua, Moshi)

Inaweza. Mwaka 1921 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kwa mnunuzi wa kawaida "aspirin" ni dawa yenyewe, haijalishi nani kaitengeneza. Bayer, kampuni iliyolianzisha jina hilo, wakaipoteza huko, ingawa Ujerumani na Canada bado ni yao. Mwaka 1963 ikawa zamu ya Thermos, kampuni ya chupa za kutunza joto, washindani wakaruhusiwa kutumia neno hilo kwa masharti. Sisi tulikuwa na "chupa ya chai" siku zote, jina linaloeleweka na lisilomnyima mtu haki yake.

Natengeneza siagi ya karanga. Nimesajili jina la biashara, na natamani kila mtu aite siagi ya karanga kwa jina langu. (Majengo, Moshi)

Dada yangu, usiombe hivyo. Wakianza kuita kila kopo jina lako, jirani atajaza karanga zake kwenye kopo kama lako na mteja hataona tofauti. Kwenye lebo andika jina lako, na chini yake "siagi ya karanga", kila kopo bila kuruka. Wauzaji wako nao waseme hivyohivyo.

Halafu kuna kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Vyote vinafanyika BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, lakini ni vitu viwili. Cheti ulichonacho kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimzuii mtu kulibandika kwenye kopo lake. Kinachomzuia ni alama ya biashara, inayodumu miaka 7 mwanzoni, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Nenda kabla hujachapisha lebo nyingine. Na ukipanga kuuza Zanzibar, wana usajili wao. Alama ya bara haivuki maji.